Udhibiti wa jeni katika ukuaji wa jino

Udhibiti wa jeni katika ukuaji wa jino ni utaratibu wa seli za taya kuwasha baadhi ya jeni na kuzima nyingine, ili jino liote mahali pake, lipate umbo lake na kuvikwa enameli, yaani tabaka gumu la nje. Hakuna jeni moja ya kutengeneza jino. Jeni zilezile hutumika pia katika viungo vingine vya mwili; kinacholeta jino ni mahali na wakati zinapofanya kazi.

Mfano mzuri wa matokeo ya udhibiti huu hupatikana Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), shirika la APOPO, lililoanzishwa 1997 na kuhamia Morogoro mwaka 2000, hufunza panya buku (*Cricetomys ansorgei*) kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya huyu, sawa na panya mdogo wa maabara (*Mus musculus*), ana meno 16: mawili ya mbele katika kila taya, na magego matatu kila upande, juu na chini. Hana chonge. Mengi yanayoelezwa hapa yamegunduliwa kwa panya wa maabara.

Mwanzo wa jino

Jino huanza kwa mazungumzo ya tishu mbili za kiinitete: epitheli inayofunika kinywa na mesenkima iliyo chini yake. Kwa panya wa maabara huanza kuonekana karibu siku ya 11 ya mimba. Kwa binadamu, wiki ya sita. Epitheli hutoa protini za ishara FGF8 na BMP4. Mesenkima hujibu kwa kuwasha jeni za *Msx1* na *Pax9*, ambazo nazo huiwezesha kutoa BMP4 yake na kuirudisha kwa epitheli. Jibu hilo likikosekana, chipukizi la jino hudumaa.

Aina na umbo

Sehemu ya mbele ya taya huwasha *Msx1*, na ya nyuma *Barx1*. Mwaka 1998 watafiti wa London walizuia BMP katika sehemu ya mbele ya taya la kiinitete cha panya. *Barx1* ikawaka huko, na palipopaswa kuota jino la mbele pakaota gego. Ncha za gego hupangwa na fundo la enameli, kikundi cha seli zisizogawanyika zinazotoa SHH, FGF4 na ishara nyingine ili seli jirani zigawanyike na kujikunja.

Uundaji wa enameli

Enameli hutengenezwa na seli za ameloblasti kwa hatua mbili. Katika hatua ya kutoa protini, jeni za *AMELX*, *AMBN* na *ENAM* huwaka. Amelojenini, zao la *AMELX*, ndiyo takriban asilimia 90 ya protini yote. Protini ya C/EBPα huchochea jeni ya amelojenini, na MSX2 huipinga. Kimeng'enya cha MMP20 huanza kuzikatakata protini hizo. Katika hatua ya kukomaa *KLK4* huwaka, na kimeng'enya chake husafisha mabaki ili fuwele zijaze nafasi. Enameli iliyokomaa ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake.

Jino lisilokoma kukua

Meno ya mbele ya panya hukua maisha yote kwa sababu mizizi yake huhifadhi seli shina. FGF10 kutoka mesenkima huzilinda. Katika magego ishara hiyo hufifia, mizizi hujifunga na ukuaji hukoma.

Ukitazama jino la mbele kwa karibu, utaona enameli iko upande wa mdomo tu. Upande wa ulimi ni dentini, iliyo laini zaidi. Kwa hiyo kila panya anapoguguna, upande wa nyuma husagika haraka na ncha hubaki kali kama patasi. Upande wa ulimi, protini ya folistatini huzuia ishara ya aktivini, na jeni za *Sprouty* hupunguza nguvu ya FGF, hivyo enameli haiundwi huko. Panya wa maabara walioondolewa jeni ya folistatini waliota enameli pande zote mbili.

Rangi ya njano au ya chungwa kwenye meno ya mbele ya wagugunaji wengi ni madini ya chuma yanayowekwa na ameloblasti wakati wa kukomaa. Virukanjia wa misitu ya Uluguru, kama *Crocidura telfordi*, wana meno meupe, tofauti na virukanjia wengi wa Ulaya wenye ncha nyekundu zenye chuma.

Kasoro kwa binadamu

Mabadiliko katika *MSX1* au *PAX9* huweza kumfanya mtu akose baadhi ya meno, hasa ya nyuma. Kasoro katika *AMELX*, *ENAM*, *MMP20* au *KLK4* huleta enameli nyembamba au laini, ambayo hurithiwa katika ukoo. Hali hii isichanganywe na madoa ya kahawia yanayoonekana sana mikoa ya Arusha na Kilimanjaro: hayo husababishwa na floridi nyingi katika maji anayokunywa mtoto meno yake yakiwa bado yanaundwa.

Kwa binadamu, ameloblasti hupotea jino linapochomoza. Enameli ikitoboka haioti tena. Mswaki, dawa ya meno yenye floridi na kupunguza sukari ndiyo kinga yake.