Kamera Iliyorudishwa Pwani: Historia ya Kupima Kamera na Lenzi

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Somo hili ni lenu ninyi mliokusanyika darasani Mbwawa, na wenzenu wa Kibaha na Kisarawe mnaolisoma katika kitabu. Someni polepole. Mkifika mahali pagumu, rudieni.

Mama anunuapo chungu sokoni hukigonga kwa kidole asikilize mlio. Chungu kizima hulia vizuri. Chenye ufa hulia vibaya. Mkulima anunuapo jembe hulitazama bapa na kulipima mkononi. Hawa wote wanajua jambo moja: maneno ya muuzaji si kipimo. Wazee wetu walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo tutatazama historia ya chombo ambacho wengi hukinunua bila kukigonga, nacho ni kamera. Vijana wengi wamepata riziki kwa kupiga picha za vitambulisho, za arusi na za shule. Wengine wametoa fedha ya korosho wakanunua kamera mbovu. Basi tujifunze kamera imepimwaje tangu zamani, na nani alipimiwa.

Kamera katika Uzaramo, mwaka 1860

Historia hii inaanza karibu na kwenu. Mwezi wa Agosti 1860 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Unguja. Walikuwa wametumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London watafute chanzo cha mto Naili. Katika mizigo yao ilikuwamo kamera, na kazi ya kupiga picha alipewa Grant. Pale Unguja alipiga picha kadhaa, na kamera ilifanya kazi.

Mwanzoni mwa Oktoba 1860 msafara uliondoka Bagamoyo. Miongoni mwa watu wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, ambaye jina lake limebaki katika historia ya safari nyingi za bara. Walifuata bonde la mto Kingani, ndio huu tunaouita Ruvu, wakapita katika nchi ya Wazaramo.

Sasa fahamuni jinsi picha ilivyopigwa siku zile. Hapakuwa na filamu. Mpiga picha alichukua kipande cha kioo, akakipaka maji mazito yaitwayo kolodioni. Kisha alikitumbukiza katika dawa yenye madini ya fedha. Kioo kingali kimelowa, alikitia ndani ya kamera akapiga picha. Halafu hakuwa na nafasi ya kupumzika. Ilimbidi akirudishe kioo gizani mara moja na kukisafisha kwa dawa nyingine. Kioo kikikauka kabla ya hapo, kazi yote ni bure. Njia hii ilitangazwa mwaka 1851 na Frederick Scott Archer, naye alikuwa mtu wa London. Katika baridi ya Uingereza mpiga picha aliweza kuifanya kwa utulivu.

Lakini Uzaramo si London. Kazi ya giza ilifanyika ndani ya hema dogo lililofungwa pande zote, juani, pamoja na mvuke wa dawa. Joto lilikausha vioo upesi na kumchosha sana mtu aliyekuwa ndani. Speke alitazama hali ya mwenzake, akakata shauri. Aliirudisha kamera pwani pamoja na picha zilizokuwa zimekwisha kupigwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieleza kwamba kama angemwacha Grant aendelee, joto la hema lile lingemwua mapema.

Tangu hapo Grant alitumia kalamu na rangi za maji. Safari iliendelea mpaka mwaka 1863, na michoro yake mingi imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Mchoro ni kitu kizuri, lakini ni jicho la mchoraji. Kamera ambayo ingaliweza kuonyesha nyuso za watu wa bara, mji kwa mji, ilikuwa imekwisha kurudi.

Je, kamera ile ilikuwa mbovu? La, Unguja ilikuwa imefanya kazi. Ubaya ulikuwa kwamba chombo na dawa zake vilipimwa katika nchi nyingine, na hali ya hewa nyingine. Hili ndilo fundisho la kwanza la somo letu: chombo hupimwa mahali kitakapofanyia kazi.

Vioo vikavu, filamu, na maduka ya picha

Taabu ya hema ilipungua baadaye. Mwaka 1871 daktari Mwingereza, Richard Leach Maddox, alitangaza njia ya vioo vikavu. Kioo kikavu kiliweza kutayarishwa mapema, kikachukuliwa safarini, na kusafishwa baadaye. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman akaleta kamera ya Kodak yenye ukanda wa picha 100. Mnunuzi alibonyeza tu, kisha akaipeleka kamera kiwandani wamsafishie.

Katika pwani yetu kazi hii ilishikwa na wenye maduka ya picha. Karne ya 19 ilipokuwa inakwisha, A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, watu wa asili ya Goa, walikuwa wapiga picha mashuhuri wa Unguja. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha duka la Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na mwanawe Rohit aliiendeleza kazi. Mwenye duka kama hilo humpiga picha Mwafrika, Mwarabu, Mhindi na Mzungu. Kila siku anakutana na kanzu nyeupe, buibui jeusi na ngozi za kila rangi. Picha mbaya hurudishwa na mwenyewe, na fedha hailipwi. Kwa hiyo ilimbidi mpiga picha ajue taa, lenzi na filamu yake kwa kazi ya mikono yake, si kwa karatasi ya kiwandani.

Uso uliotumiwa kama kipimo

Sasa tufike katika sehemu ambayo nawaomba mwisome mara mbili.

Filamu ya rangi ilipoenea katika miaka ya 1950, watengenezaji walihitaji kipimo cha rangi. Kampuni ya Kodak ilipeleka kwa wasafisha picha kadi yenye picha ya mwanamke. Msafishaji alirekebisha mashine yake mpaka picha yake ifanane na ile ya kadi. Kadi hizo ziliitwa kadi za Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa picha hiyo. Alikuwa mwanamke mweupe, na kwa miaka mingi wanawake waliofuata katika kadi hizo walikuwa weupe pia.

Tazameni matokeo yake. Mashine ilirekebishwa mpaka uso mweupe utoke vizuri. Mtu mweusi alipopigwa picha kando ya mtu mweupe, mara nyingi uso wake ulitoka kama kivuli; macho na meno yalionekana, na sura ikapotea. Watu wengi walidhani kosa ni la ngozi yao. Halikuwa kosa la ngozi. Kipimo ndicho kilichokuwa kimechagua.

Hata marekebisho yalichelewa. Watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti walikuwa wamelalamika kwamba filamu haitofautishi rangi za kahawia: mti huu na mti ule vinatoka sawa. Malalamiko ya wafanyabiashara hao yaliwasukuma wenye filamu kuitengeneza upya. Katika miaka ya 1990 zikaenea kadi zenye nyuso za watu wa rangi mbalimbali. Na mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa simu ambayo kamera yake ilirekebishwa kwa msaada wa wapiga picha wanaojua kupiga picha za watu weusi na wa rangi nyingine. Kati ya kadi za kwanza na simu hiyo ilipita miaka 60 na zaidi.

Hili ndilo fundisho la pili: ukitaka kujua chombo kimetengenezwa kwa ajili ya nani, uliza kimepimwa kwa uso wa nani.

Kamera isiyo na filamu

Mwaka 1975, katika kiwanda cha Kodak mjini Rochester, Marekani, mhandisi Steven Sasson alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali ya kushika mkononi. Kamera ya dijitali haina filamu. Ndani yake mna kibao kidogo chenye vinukta vingi vinavyohisi mwanga. Kila kinukta huandika kiasi cha mwanga kwa tarakimu. Kibao cha Sasson kilikuwa na vinukta 10,000 tu. Kamera ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika kaseti.

Walipoijaribu, walimpiga picha mwanamke aliyefanya kazi jirani nao. Picha ilipotokea katika televisheni, nywele nyeusi zilionekana, na ukuta mweupe ulionekana, lakini uso ulikuwa vurugu tupu. Sasson na mwenzake walifurahi kwamba kuna picha. Mwanamke alisema kazi bado. Ikaonekana nyaya zilikuwa zimepangwa kinyume. Zilipogeuzwa, uso ukatokea. Mnaona? Kamera ilipita katika nyeusi na nyeupe, ikashindwa katika uso. Na aliyeitambua hitilafu upesi ni mwenye uso wake.

Namna ya kuipima kamera yako

Basi, mtu wa Mbwawa akiletewa kamera na lenzi iliyokwisha tumika, afanye nini? Afanye mambo matano kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, toa lenzi, ielekeze kwenye mwanga wa kurunzi, uchungulie ndani. Vumbi kidogo si neno. Lakini ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu. Pwani yetu ina unyevu, na kuvu hupenda unyevu na giza. Ikila kioo, alama hubaki. Kwa sababu hiyo usiifungie lenzi katika mfuko wa ngozi kwa miezi mingi.

Pili, bandika ukurasa wa gazeti ukutani, unyooke. Weka kamera juu ya meza imara, ikabiliane na gazeti sawasawa. Piga picha moja tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, na nyingine likiwa limefungwa kiasi, kwenye namba 8. Kisha kuza picha, usome herufi za katikati na za pembe zote nne. Pembe zote zikififia kidogo tundu likiwa wazi, ni kawaida ya lenzi nyingi. Lakini pembe moja ikififia na tatu zikasomeka, shuku kwamba lenzi imeanguka na vioo vyake vimepinda. Mwaka 1951 Jeshi la Anga la Marekani lilitoa karatasi ya mistari midogo midogo kwa kupimia lenzi. Ninyi hamhitaji karatasi hiyo. Mmejifunza kusoma, na gazeti linatosha.

Tatu, funika lenzi kwa kifuniko chake, upige picha ya giza. Ukiona vinukta vinavyong'aa katika weusi, kibao cha ndani kina kasoro.

Nne, msimamishe mtu mweusi aliyevaa nguo nyeupe mbele ya ukuta mweupe. Kamera hudhani kila kitu kina mwanga wa wastani. Ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na uso unaingia gizani. Ongeza mwanga kwa alama ya kujumlisha, upige tena. Kamera nzuri itaonyesha mashavu, paji la uso na macho, si nguo peke yake.

Tano, fanya hayo yote mchana juani, na tena jioni. Usikubali kupimiwa dukani chini ya taa pekee. Muuzaji akikuonyesha namba kubwa ya vinukta, mshukuru, kisha endelea na gazeti lako. Vinukta milioni nyingi nyuma ya lenzi yenye kuvu ni kama maji mengi katika mtungi wenye ufa.

Mwisho wa somo

Picha ya kitambulisho hutumika kumjulisha mtu kwa watu wasiomjua. Picha ya mzee huenda ikawa ndiyo peke yake wajukuu watakayoipata. Uso uliopotea katika picha leo hauwezi kurudishwa kesho, kama vile vioo ambavyo Grant hakuvipiga mwaka 1860 visivyoweza kupigwa tena. Kwa hiyo kuipima kamera ni kazi ya heshima kwa mtu atakayesimama mbele yake.

Jibuni maswali haya katika madaftari yenu:

1. Kwa nini Speke aliirudisha kamera pwani?
2. Kadi za Shirley zilikuwa za kazi gani, na ziliwadhuru nani?
3. Mwanamke wa Rochester aligundua nini katika picha yake?
4. Pembe moja ya picha ya gazeti ikififia, utashuku nini?

Kazi ya pamoja: kamera au simu moja ya darasa ipigwe gazeti ukutani, kisha wapigwe picha wanafunzi watatu wenye rangi mbalimbali za ngozi. Kila mmoja aitazame picha yake mwenyewe, aseme kama sura yake imo.