Dobi na Mashine

Neno dobi tumelipata Uhindi. Lilivuka bahari pamoja na wafuaji waliokuja kufanya kazi hiyo Unguja. Dobi alijua mambo matatu: kanga mpya hutoka rangi, basi haichanganywi na kanzu nyeupe, sabuni ikizidi huganda nguoni, na maji ya visima vyetu, yapitayo katika mawe ya matumbawe, yana chokaa.

Mashine ya kufulia ilipoingia majumbani, wengi walidhani elimu hiyo imekwisha kazi. Kumbe ndiyo inayoitunza. Chokaa ile ile hugandamana na chuma kinachopasha maji ndani yake. Huyeyushwa kwa siki, mashine ikizungushwa tupu. Sabuni ikizidi, povu huisonga. Mlango ukifungwa mara baada ya kufua, unyevu huzaa ukungu.

Mnamo Desemba 2009 umeme upitao chini ya bahari kutoka bara ulikatika, usirudi Unguja hadi Machi 2010. Mashine zikanyamaza. Mabeseni yakatolewa uvunguni, na waliosahau kufikicha wakafunzwa upya na mama zao. Tusiuache, basi, ujuzi wa dobi ukafa naye: mashine inauhitaji, na siku inapozimika, sisi twauhitaji zaidi.