Kabla ya boda yako: watu wasio na majina waliopigwa na baridi ya Mpwapwa

Kama uko Mpwapwa mwezi huu wa saba, hakuna haja ya kukuambia kwamba kipupwe kimekaza. Mimi naishi Chunyo, kazi yangu iko mjini. Saa 11 na nusu alfajiri nipo nyuma ya boda, kitenge juu ya sweta, kofia hadi masikioni, na bado upepo unapita kama sijavaa kitu. Vidole vinakufa ganzi, machozi yanatoka na wala sijafiwa.

Juzi pikipiki iligoma kuwaka kwa sababu ya baridi. Nikachelewa dakika 40, bosi akanikata nusu siku. Niliumia sana. Usiku nikawa najiuliza, hivi kabla yetu nani alipigwa na baridi hii akiwa kazini? Nikaanza kusoma, na nilichokuta nimeona nisikae nacho peke yangu.

Kabla ya reli, barabara kubwa ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa hapa kwetu. Walioitembea ni wapagazi. Kila mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, kichwani au begani. Kwenda pwani ni pembe za ndovu. Kurudi bara ni shanga, waya na kitambaa cha merikani, kilichoitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani.

Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na walipenda kuondoka kwao mvua zikiisha na mavuno yakishaingia ndani. Piga hesabu mwenyewe: hapo unakutana na kipupwe hiki hiki. Mzungu mmoja, Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857, aliandika jinsi wapagazi walivyokuwa wanaukumbatia moto alfajiri, hawataki kuinuka. Nilicheka, maana ndiyo mimi huyo na jiko la mkaa.

Sasa sikia hii. Ukitoka Chunyo kuelekea Ugogo kulikuwa na pori lisilo na maji, likiitwa Marenga Mkali. Msafara ulijaza maji kwenye vibuyu, ukaondoka mchana, ukatembea hadi giza, ukalala bila kisima, kisha ukainuka kabla ya jua ili uyawahi maji ya mbele. Ndiyo maana Mpwapwa ilikuwa mahali pa kupumzika na kununua chakula. Mji wetu ulipata jina kubwa kwa sababu wafanyakazi walihitaji kushusha mzigo kabla ya kipande kigumu.

Shuleni mimi nilielewa kwamba msafara maana yake ni minyororo tu. Ni kweli watumwa walipitishwa njia hii, na hilo tusilifiche. Ila wapagazi wengi walikuwa watu huru wenye kazi yao. Walikubaliana mshahara kabla ya safari, na njiani walipewa posho ya kununua chakula. Ndiyo, posho, neno lile lile ambalo watu wa Dodoma mnalijua vizuri! Na ushuru ambao machifu wa Ugogo walitoza misafara uliitwa hongo. Leo neno hilo limebaki na maana ya rushwa.

Posho ikizingua, wapagazi waliweka mizigo chini, wakagoma au wakatoroka. Haikuwa rahisi. Stanley, aliyepita hapa Mei 1871 akimtafuta Livingstone, alikuwa anawachapa na kuwafunga minyororo waliotoroka. Lakini bila wao hakuna mzigo ungefika, na pande zote mbili zilijua hivyo.

Kwenye safari ile, Stanley alimwacha Mpwapwa msaidizi wake mgonjwa, William Farquhar, na huyo alifia huku. Tunajua jina lake. Tunawajua pia viongozi wachache wa msafara, kama Bombay. Wapagazi wengi wamebaki idadi tu. Wanawake waliotembea nao, wakipika na kubeba vyombo, hata idadi mara nyingi hawana.

Baadaye Wajerumani wakajenga reli ya kati. Ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Dodoma 1910, ikapita Gulwe na kutuacha sisi pembeni. Kazi ya upagazi kwenye njia yetu ikafifia. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, majeshi ya pande zote yakakamata watu kwa nguvu wabebe mizigo, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Jina Kariakoo la Dar linatokana na kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza, Carrier Corps. Ukienda kununua viatu pale, unawataja hao bila kujua.

Kilichonigusa ni hiki: mpagazi wa miaka ile, asiyejua kusoma, alikubaliana kwanza ndipo akainua mzigo. Mimi nina cheti cha kidato cha nne na sijawahi kumuuliza bosi tumekubaliana nini nikichelewa. Jumatatu nimemuuliza. Hela yangu hajarudisha, lakini amekubali kwamba kwenye kipupwe, nikipiga simu mapema, sikatwi.

Jambo la pili limenitia aibu zaidi. Kijana anayenibeba kila alfajiri nimempanda miaka miwili, na kwenye simu nilimsevu "Boda Chunyo". Yeye ndiye anakaa mbele, upepo wote unaanzia kwake. Jana nikamwambia, "Samahani kaka, hivi unaitwa nani?" Akacheka, "Leo ndiyo unauliza, dada?"

Nimebadilisha kwenye simu.

Na wewe, anayekufikisha kazini kila siku unalijua jina lake? Funguka hapo chini.