Sauti za Mashine za Kale na Deni la Mpiga Ngoma

Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Usemi huo ulikuwa faraja ya mwenye chombo chenye dosari. Haukuwa bishara kwamba siku itafika ambapo dosari yenyewe itatafutwa kwa fedha. Katika ufundi wa muziki siku hiyo imekwisha fika. Watayarishaji wa nyimbo wa leo wana kompyuta ziwezazo kuhifadhi sauti kwa usafi wa maji ya chemchemi, walakini wengi wao huzitafuta sauti za mashine za miaka ya 1980, mashine zilizokuwa na kumbukumbu haba, bei kubwa na mlio wa mkwaruzo. Huutafuta mkwaruzo huohuo. Historia ya mashine hizo yaeleza sababu ya pendo hilo, na yaonyesha pia jambo moja ambalo mtafutaji aghalabu hulipita bila kulitazama.

Mashine yenyewe huitwa sampla. Kazi yake ni kunasa sauti yoyote, pigo la ngoma, neno la mtu au mlio wa filimbi, na kuirudisha kila kibao cha kinanda kinapobonyezwa, ikipanda au kushuka kwa kadiri ya kibao. Mababu zake walitumia ukanda wa sumaku. Harry Chamberlin wa California aliunda kinanda cha namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940, na kwa mfano wa kazi yake Mellotron ilianza kutengenezwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1963. Kila kibao kilikuwa na ukanda wake wenye sauti ya filimbi, fidla au waimbaji. Ukanda ulidumu sekunde kama nane. Zilipokwisha, sauti ilikatika mpaka kibao kiachiliwe na ukanda urudi mwanzo. Filimbi zinazofungua wimbo wa Beatles uitwao Strawberry Fields Forever, wa mwaka 1967, zilipigwa kwa chombo hicho. Mpigaji alilazimika kuukata muziki wake kwa kipimo cha ukanda, kama mshairi akatavyo maneno kwa mizani. Kizuizi kikawa mwalimu.

Mwaka 1979 Peter Vogel na Kim Ryrie wa Sydney, Australia, walitoa kompyuta ya muziki iitwayo Fairlight CMI. Nia yao ya kwanza ilikuwa kuumba sauti kwa hesabu tupu na kuufikia utamu wa ala za kweli. Hesabu hazikutosha. Vogel akanasa kipande kifupi cha piano kutoka katika redio, akaona kwamba kipande hicho, hata kilipopandishwa na kushushwa, kilifanana na ala kuliko chochote walichokikokotoa. Njia iliyodhaniwa kuwa ya mkato ikawa njia kuu. Fairlight ya kwanza ilipima wimbi la sauti kwa daraja 256 tu, yaani biti 8, na nafasi ya kila sauti ilitosha kwa muda wa kama sekunde moja. Mteremko laini wa wimbi ukageuka vipandio vya mawe, na sikio husikia vipandio hivyo kama vumbi. Bei yake ilipita pauni 10,000, hata ikawa chombo cha wachache.

Pamoja na mashine hiyo zilikuja diski laini zenye sauti zilizokwisha naswa. Mojawapo ilibeba jina la ORCH5, nayo ni pigo moja la okestra nzima lililotolewa katika muziki wa Igor Stravinsky uitwao The Firebird, ulioonyeshwa kwanza Paris mwaka 1910. Mwaka 1982 pigo hilo lilisikika katika Planet Rock ya Afrika Bambaataa, na toka hapo likaenea katika nyimbo za dansi za miaka ile. Vijana wa New York walicheza kwa mlio wa okestra ya Stravinsky, wala wengi wao hawakulijua jina lake. Hapa ndipo tabia ya sampla ilipojidhihirisha: huibeba sauti mbali, na humwacha nyuma mwenye sauti.

Bei zilishuka kidogo kidogo. Emulator ya kampuni ya E-mu, iliyotoka California mwaka 1981, ilikuwa nafuu kuliko Fairlight. Ensoniq Mirage ya mwaka 1984 iliuzwa chini ya dola 2,000. Mwaka 1987 E-mu ikatoa SP-1200, ambayo ilipendwa mno na watu wa hip hop. Hiyo ilipima sauti kwa biti 12, yaani daraja 4,096, mara 26,040 kwa kila sekunde. Kumbukumbu yake yote ilikuwa sekunde kama kumi, wala kipande kimoja hakikuweza kupita sekunde mbili na nusu. Uhaba huo ulizaa hila. Mtayarishaji alichukua sahani ya santuri iliyokusudiwa mizunguko 33 kwa dakika, akaizungusha kwa mizunguko 45, akainasa sauti ikiwa ya haraka na nyembamba, kisha akaishusha ndani ya mashine mpaka ikarudi mwendo wake. Hivyo sekunde zaidi ya tatu zilienea katika nafasi ya mbili na nusu.

Lakini kila hila ina malipo yake. SP-1200 haikuwa na werevu wa kujaza mapengo vizuri sauti iliposhushwa. Ilirudia vipimo vilevile ilivyokuwa navyo, na katika mapengo hayo ukazaliwa mlio wa bati ambao haukuwamo katika santuri. Ngoma zikawa nzito, zenye ukungu na makali kwa pamoja. Wasikilizaji waliupenda ukungu huo. Uhaba wa maskini ukawa pambo, na baada ya kiwanda kuacha kuitengeneza mashine hiyo mwaka 1998, bei ya zile zilizobaki ilipanda badala ya kushuka.

Anayezitafuta sauti hizo leo ana njia tatu. Ya kwanza ni kuinunua mashine ya kale yenyewe, pamoja na maradhi yake ya uzee. Ya pili ni kupata nakala za sauti zilizokuwamo katika diski za kiwandani, maana diski za sumaku huoza, na wenye busara wamekwisha zinakili. Ya tatu ni programu zinazoiga mwendo wa mashine. Kosa la wengi ni kudhani kwamba njia ya pili peke yake yatosha. Nakala ya pigo la ngoma hutoa pigo, lakini haitoi ule mlio wa bati, kwa kuwa mlio huo haukuwekwa katika diski. Ulizaliwa sauti iliposhushwa. Atakaye mlio wa SP-1200 hana budi kuifuata kazi yenyewe: kuinasa sauti kwa mwendo wa haraka, kuipima kwa biti 12, na kuishusha pasipo kuisafisha. Sauti ya kale ni tendo zaidi ya kuwa kitu.

Ikiwa ni tendo, basi ina watendaji, na mtendaji wa kwanza si mashine. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ya Washington ilitoa santuri ya wimbo Color Him Father. Upande wa pili uliwekwa muziki usio na maneno mengi, Amen, Brother. Katikati yake ala nyingine zanyamaza, na mpiga ngoma Gregory Coleman apiga peke yake kwa sekunde kama saba. Bendi ilivunjika mwaka uliofuata. Mwaka 1986 muziki huo ulitiwa katika mfululizo wa santuri za Ultimate Breaks and Beats, zilizokusanywa kwa ajili ya wapiga santuri, na sampla zikauvamia. Sekunde saba hazikuingia katika kipande kimoja cha SP-1200. Hazina budi kukatwakatwa. Mwaka 1988 N.W.A. wa California waliyatumia mapigo hayo katika Straight Outta Compton. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Uingereza, watayarishaji waliyakata upya, wakayapanga na kuyaharakisha mpaka ukazaliwa muziki wa jungle. Hesabu ya nyimbo zilizobeba mapigo hayo imefika maelfu.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Coleman alicheza kwao, akachezwa na dunia, wala hakutunzwa. Alifariki mwaka 2006 huko Atlanta, na kwa maelezo ya Richard Spencer, kiongozi wa bendi, alikuwa fukara asiye na makazi. Malipo ya mapigo yale hayakumfikia. Spencer mwenyewe, aliyekuwa na haki ya wimbo kwa maandishi, alikaa miaka mingi bila kulipwa, mpaka mwaka 2015, watu wa muziki wa Uingereza walipochanga pauni 24,000 na kumpa. Ilikuwa hisani, haikuwa mirabaha; nayo ilikuja miaka tisa baada ya kaburi la mpiga ngoma.

Sheria haikulala kabisa. Tarehe 17 Desemba 1991, jaji Kevin Thomas Duffy wa New York aliamua kesi ya wimbo wa Biz Markie uliochukua kipande cha Gilbert O'Sullivan bila idhini, naye akaifungua hukumu yake kwa amri ya kutoiba. Tangu hapo kampuni za santuri zikaanza kudai idhini ya kila kipande, na gharama zake zikawafukuza wengi katika ufundi huo. Walakini sheria humtazama aliyeandikwa kuwa mwenye haki. Mpiga ngoma, ambaye mkono wake ndio sauti yenyewe, aghalabu hayumo katika maandishi hayo.

Ndiyo maana utafutaji wa sauti za kale hauishii katika kuchagua mashine. Biti 12 zaweza kuigwa, mkwaruzo waweza kununuliwa, na ukungu wa mwaka 1987 waweza kupatikana leo kwa kubonyeza kidole. Kilicho adimu ni jina. Katika kila pigo lenye vumbi yumo mtu aliyeketi nyuma ya ngoma, chumbani, siku fulani, akapiga akitumaini ujira wa siku ile. Mtafutaji aifuatapo sauti mpaka kwa mtu huyo, akamtaja, na palipo na njia akamlipa yeye au warithi wake, ndipo anapokuwa ameipata kweli. Dawa ya deni ni kulipa. Na deni la sekunde saba bado halijafutika.