Kwa Nini Kondoo wa Singida Hawana Sufu? Historia Fupi ya Kitambaa Laini

Mwezi wa sita na wa saba upepo wa Singida hauna utani. Ukishuka stendi ya Misuna alfajiri, utaona kila mtu kajifunika: sweta, koti, kikoi, shuka la kimasai. Sasa fanya jambo dogo. Geuza kola ya sweta lako usome lebo. Utakuta akriliki, poliesta, pamba, na ukiwa na bahati, sufu kidogo. Halafu soma limetengenezwa wapi. Mara nyingi ni mbali sana.

Sasa toka nje ya mji kidogo, upite kandokando ya ziwa Kindai au Singidani. Mbuzi na kondoo ni wengi. Swali linakuja lenyewe: kama wanyama tunao, na baridi tunayo, kwa nini Singida haikuwahi kuwa mji wa sweta? Ukilifuata swali hili unaanzia kwenye baiolojia ya ngozi ya kondoo, na unajikuta umefika kwenye biashara ya utumwa. Twende taratibu.

Kondoo mwenye manyoya na kondoo mwenye sufu

Kwanza tutofautishe vitu viwili. Kondoo wa kwetu, yule mwenye mkia mnene wa mafuta, ana manyoya. Merino wa Australia ana sufu. Zote mbili zimejengwa kwa protini moja inayoitwa keratini, ileile iliyo kwenye nywele na kucha zako. Tofauti iko kwenye unene na umbo.

Kondoo pori wa zamani alikuwa na koti la tabaka mbili. Juu kulikuwa na manyoya magumu ya kuzuia mvua na miiba. Chini yake kulikuwa na nyuzi fupi, nyembamba, za kutunza joto wakati wa baridi. Binadamu walianza kufuga kondoo kule Mashariki ya Kati miaka zaidi ya 10,000 iliyopita, lakini walimfuga kwa nyama na ngozi. Maelfu ya miaka baadaye, wafugaji wa huko walianza kuchagua wale ambao tabaka la chini lilikuwa refu na la juu limepungua. Kizazi baada ya kizazi, akatokea kondoo wa sufu.

Kondoo walioingia Afrika Mashariki, kutokea kaskazini, hawakupitia uchaguzi huo. Na kusema kweli, hapa ungekuwa na faida gani? Fikiria kondoo mwenye sufu nene akipita kwenye vichaka vya miiba vya Manyoni kwenye jua la mwezi wa kumi. Wafugaji wetu walichagua vitu vingine: mnyama anayestahimili ukame, anayeweka akiba ya mafuta mkiani, asiyeangushwa na minyoo. Kondoo mwekundu wa Kimasai anajulikana kwa watafiti wa mifugo duniani kwa sababu hiyo hiyo ya kuhimili minyoo ya tumboni. Huo nao ni ufundi wa kuchagua mbegu, ila ulilenga kitu kingine.

Walowezi wa Kenya walijaribu kupindua mambo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Lord Delamere aliingiza kondoo aina ya merino huko Njoro. Wengi walikufa. Mambo yalianza kumwendea vizuri alipowapandisha na kondoo wa kienyeji. Hata leo sufu ya Kenya inahusishwa na nyanda za juu zenye baridi, kama Molo.

Ulaini unapimwa

Tunaposema kitambaa ni "laini," mara nyingi tunazungumzia unene wa uzi mmojammoja. Kipimo chake ni maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Nywele ya binadamu ina wastani wa maikroni 70 hivi. Sufu ya merino ni kati ya 15 na 24. Kashmiri, ambayo ni tabaka la chini la mbuzi wa nchi za baridi kama Mongolia, ni chini ya 19. Pamba ni kati ya 12 na 20. Mkonge wetu unapita 100.

Kwa nini unene una maana? Ncha ya uzi mwembamba ikigusa ngozi yako inapinda. Ncha ya uzi mnene, kuanzia kama maikroni 30, haipindi. Inachoma, na mishipa ya fahamu inaupelekea ubongo taarifa kwamba kuna kitu kinakuwasha. Ndiyo maana mkonge ni mzuri kwa kamba na magunia, lakini hakuna anayeuvaa kama fulana.

Ila wembamba peke yake hautoshi. Hapa lugha yetu ina somo zuri. Neno *sufu* limetoka kwenye Kiarabu, na *usufi*, ile pamba ya mti wa msufi, ni ndugu yake. Ukishika usufi ni laini hata kuliko pamba. Mbona basi hakuna shati la usufi?

Jaribu mwenyewe. Chukua kidole kimoja cha pamba ya dukani na kidole kimoja cha usufi wa kwenye mto. Sokota kila kimoja kati ya vidole vyako huku unavuta. Pamba itakuwa uzi. Usufi utateleza na kuachia. Siri ni hii: unyoya wa pamba ni seli moja ndefu inayoota juu ya mbegu. Tumba likipasuka, seli ile inakauka, inabonyea na kujikunja kama utepe uliosokotwa. Mikunjo hiyo inashikana na ya jirani yake. Usufi unabaki mrija wa mviringo, laini, wenye nta na hewa ndani. Haushiki chochote. Unaelea vizuri majini, unajaza mto vizuri, lakini uzi hautoki kirahisi.

Kwa hiyo kitambaa kinahitaji vitu viwili: wembamba na kushikana. Pamba ina vyote viwili. Na pamba, tofauti na sufu, ilikuwepo huku.

Kabla ya merikani

Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo wa zamani walivaa ngozi. Usifikirie ngozi kavu kama ya ngoma. Ngozi ilikwanguliwa, ikapakwa mafuta, ikasuguliwa na kukunjwakunjwa mpaka ilegee. Kikemia, mafuta yale yanaingia katikati ya nyuzi za ngozi yasiziache zigandane zinapokauka. Yaani ulaini ulitengenezwa kwa mikono, kwa saa nyingi za kazi.

Magharibi na mashariki yetu watu walikuwa wanafuma. Kilwa Kisiwani, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vigae vya duara vilivyotobolewa katikati, vizito vya kusokotea uzi wa pamba. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika juu ya nguo zilizofumwa pale na kupelekwa mpaka Misri. Na bara? Richard Burton alifika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, na katika maandishi yake ameeleza jinsi Wanyamwezi walivyofuma pamba kwenye vitanda vya mfumi. Wafipa nao walisifika kwa nguo zao nzito za pamba. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Waafrika wa bara walifundishwa nguo na wageni, mwambie apunguze spidi.

Kitambaa kilichotoka Salem

Sasa ingia merikani. Mwaka 1833 Marekani na Sultani Seyyid Said walitia saini mkataba wa biashara, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, akafika Unguja. Meli kutoka Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu kidogo kikiwa kipya, kinacholainika kadiri unavyokifua. Watu wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka: *merikani*. Zilirudi na pembe za ndovu, ngozi, na sandarusi ya kutengenezea vanishi.

Kilipendwa kwa sababu za kifundi. Uzi ulikuwa imara na ufumaji umebana. Baadhi ya vitambaa vya ushindani kutoka viwanda vya Uingereza vilijazwa wanga na udongo mweupe ili vionekane vizito. Ukifua mara moja, uzito unaondoka na maji. Wateja wa bara walijua hilo. Walipima kwa mikono, wakakataa kilicho hafifu.

Merikani ikawa fedha. Shuka moja ilikuwa mikono minne. Doti moja, shuka mbili. Msafara wa kwenda Ujiji ulipita Ugogo, ukapita Kilimatinde na maeneo ya Manyoni ya leo, kisha ukaingia Mgunda Mkali, pori kavu kati ya Ugogo na Unyamwezi. Ndiyo, ni ndani ya mkoa huu huu wa Singida. Maji ni machache, visima vina wenyewe, na mwenye kisima anadai hongo. Hongo ililipwa kwa doti. Stanley, alipojiandaa kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alielezwa Unguja kwamba watu 100 wanahitaji doti 10 kwa siku kwa ajili ya chakula peke yake. Wasafiri wa Kizungu wameandika malalamiko mengi juu ya hongo ya Ugogo. Lakini jiulize: ukiwa mtemi wa nchi isiyo na maji, msafara wa watu mia tano unapokuja kunywa kisima cha watu wako, wewe ungewaacha wapite bure?

Mizigo yote hii ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na kilo 30 hivi begani. Na ule mzigo wa nguo uliofungwa kwa ajili ya mpagazi uliitwa nini? *Mtumba*. Neno hilo tulishike, tutalirudia.

Nani aliichuma?

Hapa ndipo historia inapouma. Massachusetts haioti pamba. Viwanda vile vilinunua pamba kutoka majimbo ya kusini mwa Marekani, na waliochuma ni watumwa wenye asili ya Afrika. Ilipofika mwaka 1860 watumwa nchini Marekani walikaribia milioni 4. Kwa hiyo kitambaa kilitoka kwenye mikono ya Waafrika waliotekwa upande mmoja wa bahari, kikaja upande wa pili kununua pembe za ndovu, na mara nyingine kununua Waafrika wengine. Ulaini ule uliogusa ngozi ya mtu wa Mgunda Mkali ulikuwa umelipiwa na mtu mwingine, Mississippi au Alabama, ambaye hakulipwa kitu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata mnyororo huo. Pamba ikaadimika, bei ikapanda, na vitambaa vya Uingereza na baadaye vya viwanda vya Bombay vikachukua nafasi. Jina lilibaki merikani, ingawa kitambaa hakikutoka tena Marekani.

Nguo za viwandani ziliwabana wafumaji wa bara. Kisha wakaja Wajerumani, ambao hawakutaka tufume, walitaka tulime. Kusini mwa nchi walilazimisha watu kufanya kazi kwenye mashamba ya pamba, na jambo hilo lilikuwa moja ya sababu za Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Baada ya hapo pamba ikawa zao la kanda ya Ziwa na majirani zake, Iramba ikiwemo. Mwaka 1955 wakulima waliunda muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, ukiongozwa na Paul Bomani, ili wauze pamba yao wenyewe. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kikafunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, vikafuata vingine kama Mwatex na Mutex. Kwa miaka kadhaa pamba ya huku ilisokotwa huku. Soko lilipofunguliwa, viwanda vingi vikadhoofika.

Turudi kwenye lebo

Leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inauzwa nje ikiwa imetolewa mbegu tu, haijasokotwa. Kisha baadhi ya nyuzi za namna hiyo zinarudi kwetu zikiwa fulana iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine, ndani ya robota, na tunaliita kwa neno lilelile la mpagazi: mtumba.

Tulianza kwa kuuliza kwa nini kondoo wetu hawana sufu, na jibu ni kwamba hawakuhitajika kuwa nayo. Swali gumu zaidi ni la pamba, kwa sababu pamba tunayo, na babu zetu walijua kuisokota kabla ya meli ya kwanza ya Salem kutia nanga. Kumbuka lile jaribio la vidole: pamba ikiwa haijasokotwa ni ya kujazia godoro tu. Thamani inaanza pale inapovutwa na kusokotwa, na anayesokota ndiye anayepanga bei. Kwa hiyo ukisoma lebo ya sweta lako, usiishie kwenye "limetengenezwa wapi." Uliza pia nani alichuma, nani alisokota, na nani kati yao alilipwa.