Kutoka Wino hadi Kipande cha Karatasi: Historia ya Utambuzi wa Kuvu ya Kriptokoka Maabarani

Mwaka 1894, mjini Greifswald, Ujerumani, mwanapatholojia Otto Busse na daktari mpasuaji Abraham Buschke walieleza chembe za mviringo zilizotokana na kidonda cha mfupa wa muundi wa mwanamke mmoja. Mwaka huohuo, nchini Italia, Francesco Sanfelice aliotesha kuvu ya aina ya hamira kutoka katika maji ya matunda ya pichi. Kuvu hiyo ndiyo kriptokoka, ambayo karne moja baadaye ingewaua kwa wingi watu wanaoishi na VVU kusini mwa Sahara kwa homa ya uti wa mgongo.

Chembe yake imevikwa utando mnene wa ute, na historia yote ya kuipima ni historia ya utando huo. Maji ya uti wa mgongo yakichanganywa na wino wa India, wino hushindwa kuupenya. Chini ya hadubini kila chembe huonekana imezungukwa na duara jeupe ndani ya giza. Mbinu hii ni ya gharama ndogo, wala haistahili kubezwa. Hata hivyo, huhitaji jicho lililozoea, na chembe zikiwa chache hupita bila kuonekana. Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa wino ulitambua takribani wagonjwa 86 katika kila 100. Kuotesha ni kwa uhakika zaidi, lakini jibu huchukua siku kadhaa, na mgonjwa huyu aghalabu hana siku hizo.

Mwaka 1963 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa antijeni ya utando inaweza kunaswa kwa punje za mpira zilizopakwa kingamwili. Kwa kuwa kipimo hicho kilihitaji jokofu na matayarisho ya sampuli, kilibaki katika hospitali kubwa.

Badiliko la kweli lilikuja mwaka 2011, kilipoidhinishwa nchini Marekani kipimo cha kipande cha karatasi kinachotoa jibu kwa takribani dakika 10, bila jokofu. Katika utafiti uleule wa 2014 kilitambua zaidi ya wagonjwa 99 katika 100. Tena hupima damu. Na utafiti wa Uganda wa mwaka 2002 ulikwisha kuonyesha kuwa antijeni huweza kuwamo katika damu wiki kadhaa kabla ya dalili. Basi mgonjwa anaweza kupewa flukonazoli mapema.

Hapa ndipo lugha inapoingia, jambo ambalo waandishi wa miongozo hulipita haraka mno. Katika Kiswahili cha kila siku, fangasi ni ugonjwa wa ngozi, kucha na sehemu za siri. Kuvu ni ya mkate uliolala. Hamira ni ya maandazi. Hakuna hata neno moja kati ya hayo linalodokeza ubongo. Mtu asiyeumwa kichwa, akiambiwa kwamba damu yake ina fangasi, huenda akadhani majibu si yake, asirudi kuchukua dawa.