Saa ya Babu Haijastaafu

Kila siku, saa kumi alfajiri, saa ya babu hulia. Si simu. Ni saa ya mezani ya Kichina, ya kutia ufunguo, yenye picha ya kuku anayedonoa punje kila sekunde. Ikilia utadhani mtu anagonga sufuria kwa kijiko. Babu hunyoosha mkono, huizima, halafu hulala tena mpaka jua litoke.

Babu alistaafu mwaka wa 1996. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Kwa hivyo maisha yangu yote nimeijua hiyo saa kama saa ya mtu asiye na mahali pa kwenda.

Nilirudi hapa nyumbani, karibu na Luanda, Vihiga, miaka miwili iliyopita. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ndiyo sababu ninayowaambia watu; zile zingine nazijua mwenyewe. Sasa naandika makala ya kulipwa kwa mtandao, mengi yakiwa ya wateja wa Marekani. Wao wakiingia ofisini saa tatu asubuhi, huku kwetu jua linaelekea kuzama. Mteja akisema anataka kazi kabla ya usiku wa manane wake, anamaanisha saa moja asubuhi yangu. Basi usiku ndio mchana wangu, na saa ya babu hunikuta ndiyo kwanza nimejifunika blanketi. Ukuta wetu ni mwembamba.

Siku moja, nimechoka, niliingia chumbani kwake mchana na kuusogeza ule mshale mdogo wa kengele hadi saa sita. Nikajiambia, mzee wa miaka themanini na kitu, acha alale bana. Alfajiri hiyo saa haikulia. Lakini saa kumi kamili nilisikia kitanda kikilia, kikohozi, kisha swichi ya tochi. Halafu sauti kupitia ukutani: "Mjukuu wangu, hii saa imekufa?"

Kumbe haikuwa ikimwamsha. Alikuwa anaamka mwenyewe kabla yake, anangoja ilie.

Asubuhi nilikiri. Hakukasirika. Aliniambia nikae, na yale aliyonieleza yamenifanya nisome mambo ambayo chuo hakikunisomesha.

Babu aliandikwa kazi reli mwaka wa 1961, wakati bado ni East African Railways and Harbours. Alikuwa fayaman, msaidizi wa dereva anayeangalia moto, kwenye yale magari moshi makubwa ya daraja la 59. Yalikuwa 34, yalitengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950, na kila moja lilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Moja, Mount Gelai, bado limesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Gari moshi haliwashwi kama matatu. Likiwa limepoa, huchukua saa kadhaa maji yachemke mpaka mvuke uwe na nguvu ya kuvuta mabehewa. Kwa hivyo abiria wakipanda saa mbili asubuhi, kuna mtu aliyeamka usiku.

Mwanzoni huyo mtu hakuwa na saa. Babu anasema bohari ilikuwa na kijana wa kuita watu. Alipita kwenye nyumba za wafanyakazi na tochi na kitabu, anagonga mlango, unatoka na macho yamefumba nusu, unatia sahihi kwamba umeamshwa. Ukishatia sahihi, kuchelewa ni kosa lako. "Sahihi ndiyo ilikuwa kengele yenyewe," babu aliniambia.

Nilidhani hilo ni jambo la wakoloni kwetu tu. Kumbe walikuwa wameshafanyiana wao kwa wao. Katika miji ya viwanda ya Uingereza, Manchester ikiwemo, palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuamsha wenzao. Walibeba fimbo ndefu na kugonga madirisha ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Kule London, mama mmoja aitwaye Mary Smith alijulikana kwa kupuliza njegere kavu kwa mrija hadi zigonge kioo cha dirisha.

Ukifikiria, walihitaji. Manchester, kipindi cha joto, jua hutoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Kipindi cha baridi hutoka baada ya saa mbili asubuhi. Jua la namna hiyo huwezi kulitegemea kukupeleka kazini. Lakini kwetu? Maseno, hapa jirani, mstari wa ikweta unapita. Mwaka mzima jua letu halitoki mapema kuliko saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi, wala halichelewi kupita saa moja. Ndiyo maana lugha yetu yenyewe inaanza kuhesabu pale linapotoka: saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Na kabla ya hizo saa tulikuwa na jogoo la kwanza, jogoo la pili, alfajiri, mafungulia ng'ombe. Hata leo mshale mfupi ukiwa kwenye 4 sisi tunasoma kumi. Babu alifanya hesabu hiyo kichwani miaka 35: ratiba ya reli ilisema 04.00, yeye akasema saa kumi, na gari moshi likaondoka bila matatizo.

Kwa hivyo sisi hatukukosa njia ya kujua kumekucha. Tulichokuwa hatuna ni mtu wa kutudai asubuhi yetu.

Huyo alikuja na kazi ya mshahara. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ilifanya kutoroka kazi kuwa kosa la jinai, si ugomvi wa wewe na mwajiri wako. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikaja kipande, kile cheti chenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara na tarehe za kuanza na kuacha kazi, ambacho wanaume walikivaa shingoni ndani ya kikebe. Kwenye mashamba ya walowezi kazi ilihesabiwa kwa tiketi ya siku 30. Siku ambayo hukufanya kazi haikuhesabiwa, kwa hivyo mwezi wako ungeweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni. Baba yake babu alivaa kipande. Babu hakuvaa, lakini alinunua saa. Alinunua kwa pesa zake mwenyewe, ili yule kijana wa tochi asiwe anamgongea mlango mbele ya mke wake.

Hapo ndipo nilipomwelewa kidogo. Saa ya kengele ilikuwa namna ya kujisimamia. Mwaka wa 1787 kule New Hampshire, Marekani, fundi mmoja aitwaye Levi Hutchins alijitengenezea saa ya kumwamsha. Haikuweza kubadilishwa, ililia saa kumi alfajiri tu, ileile ya babu. Hutchins hakuwa na bosi wa kumfokea. Alitaka tu kuwa macho kabla ya jua. Saa ambayo unaweza kuipanga ilie unapotaka ilipata hataza Ufaransa mwaka wa 1847, mikononi mwa Antoine Redier. Kutoka hapo ikawa kifaa cha kila nyumba yenye mtu wa kazi.

"Sasa babu," nikamuuliza, "mbona hukuitupa ulipostaafu?"

Akacheka. Akanionyesha saa nyingine, ya ukutani, waliyompa wenzake siku ya kumuaga. Ilisimama zamani, betri ilioza ndani. "Hebu fikiria, mtu anamaliza kazi ya saa halafu anapewa saa." Halafu akasema, "Ile nyingine, miaka yote hiyo ilikuwa ikilia, mimi natii. Sasa ikilia, ninaizima. Wewe hujui utamu wa kuizima."

Hiyo ndiyo pensheni yake. Nilifurahi, nikadhani nimepata mwisho wa makala yangu. Kustaafu kwenyewe ni jambo jipya duniani: Ujerumani ya Bismarck ilipitisha pensheni ya uzeeni mwaka 1889, kwa waliofika miaka 70. Kenya tulianzisha NSSF mwaka 1965, na watumishi wa serikali waliendelea kustaafu wakiwa na miaka 55 mpaka 2009 ilipofanywa 60. Katika hesabu hiyo yote, mtu anampa mwajiri asubuhi zake, na mwishowe anarudishiwa zilizobaki. Babu alikuwa anazipokea moja moja, saa kumi, kwa kidole.

Lakini usiku uliofuata nilikaa macho kusikiliza vizuri. Saa ikalia, ikazimwa, kitanda kikatulia. Na katika kile kimya nikasikia kitu ambacho kelele ya saa ilikuwa ikinifunika siku zote: mlango wa jikoni ulikuwa tayari wazi, na kuni zinavunjwa.

Nikatoka. Nyanya alikuwa ameshawasha moto, ndoo ya kukamulia iko kando, maji yanapata joto ya kuosha matiti ya ng'ombe.

"Nyanya, nani hukuamsha?"

"Aniamshe nani? Ng'ombe ataniamsha kama sijaamka."

Nikamuuliza kama zamani, babu akiwa reli, alikuwa anaamka na ile saa. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza mvua hutoka wapi. Chai ya babu ya saa kumi, akasema, ungefikiri nani alipika? Yeye aliamka saa tisa. Hakukuwa na kijana wa tochi wa kumgongea, wala kitabu cha kutia sahihi.

Hapo nikaona kosa la kila nilichokuwa nimesoma, na nilichokuwa nimekwisha kuandika. Historia ya saa ya kengele ni historia ya watu waliolipwa. Wale waliowapikia haikuwaamsha, kwa hivyo haikuwaandika. Nyanya hana tarehe ya kuandikwa kazi, kwa hivyo hana tarehe ya kustaafu. NSSF haimjui. Hana hata kengele ya kuzima.

"Nyanya, na wewe utastaafu lini?"

"Nikistaafu utakunywa nini na hiyo chai yako ya mchana?"

Mimi saa kumi niko macho hata hivyo. Tangu siku ile, nikisikia saa ya babu nafunga kompyuta na kuchukua ndoo. Nyanya nimemwambia alale. Halali. Wiki nzima amekuwa akija na leso yake kusimama mlangoni mwa zizi, kuangalia kama ng'ombe nimemfunga miguu vizuri.